Mwenye Ukoko Hajafika

Guangzhou, 9 Juni 2024

Dada Dainess,

Shikamoo. Pokea salamu kutoka mji ambao nguo haikauki. Nilifua shati mwanzoni mwa wiki, leo Jumapili nimelivaa kanisani likiwa bado na unyevunyevu, na hakuna aliyegundua kwa sababu kila mtu alikuwa hivyo hivyo. Mimi mzima, nakula, nalala. Shemeji hajambo? Watoto je? Mama msalimie sana, na barua hii mpe mwenyewe aisome kwa miwani yake. Usimsomee wewe huku ukiruka mistari kama ulivyofanya ile ya Pasaka. Najua tangu masikio yake yafunge, simu kwake ni mlio wa nyuki tu, ndiyo maana naandika. Melania wa Moshi anaondoka na mzigo wake wiki hii. Akifika atakutumia bahasha kwa basi hadi Same.

Kazi ipo. Asubuhi nawapeleka wateja soko la Shisanhang kuchagua magauni, mchana tunarudi huku Liuhua kwenye viatu, na akitokea anayetaka mikoba tunakodi gari hadi Shiling. Kazi yangu ni mdomo. Mteja akisema ghali, mimi nageuza kwa Kichina. Mwenye duka akisema "meiyou," yaani hakuna, nageuza pia. Jioni nafika chumbani sina hata neno moja la kwangu lililobaki.

Sasa Mama, hili ni lako. Nyuma ya soko la viatu kuna uchochoro wa chakula. Asubuhi wanauza uji wa mchele, na watu wazima wenye mashati ya kuchomekea wanaunywa bila kuumwa. Kuna chapati laini za unga wa mchele zinazopikwa kwa mvuke ndani ya droo. Kuna miguu ya kuku, ile ambayo wewe ulikuwa unamtupia paka. Na mwishoni kabisa kuna mama mmoja anayepika wali kwenye vyungu vidogo vya udongo, kila mtu na chungu chake, juu anaweka soseji kavu na mboga za majani. Watu wanapanga foleni. Unajua wanafuata nini? Ukoko! Wali wa juu wanaumaliza upesi upesi ili wafike chini, kisha wanakwangua mpaka chungu kinalia. Miaka yote ile kibandani kwako pale stendi niliambiwa ukoko ni wa mtoto mlafi. Kumbe upo mji mzima wa walafi wenzangu.

Huyo mama watu wote wanamwita Laobanniang, maana yake bosi wa kike, na mimi namwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza aliniuliza, "Ni mama hao ma?" Nikashtuka, nikadhani anajua Kiswahili. Kumbe kwao pia mama ni mama. Alikuwa ananiuliza kama mama yangu hajambo. Nikamjibu, "Hao," yaani mzima. Tangu hapo, kila nikikaa ananiuliza kabla hajawasha jiko, na mimi namjibu hivyo.

Mdogo wako,
Heriel

*

Same, 30 Juni 2024

Mdogo wangu Heriel,

Marahaba. Huku kiangazi kimeanza, vumbi la barabara kuu linaingia mpaka kwenye sukari. Shemeji yako yupo, anakohoa na kulaumu vumbi, sigara haitaji. Watoto wamefunga shule. Mbuzi wa jirani amekula daftari la hesabu la mkubwa, na mkubwa anamwombea mbuzi huyo maisha marefu.

Mama ameisoma barua yako mwenyewe, bila kuruka mstari, umefurahi? Amecheka mpaka miwani ikaanguka. Sasa ameiweka chini ya mto, na kila mgeni akija anaitoa na kumwonyesha mahali palipoandikwa ukoko. Ana swali kwa huyo mama wa vyungu, na amenikalisha niliandike kama alivyolisema: "Muulize anafanyaje ukoko ukaiva pembeni bila kuungua katikati. Mimi maisha yangu yote nimepata wa katikati tu." Halafu akaongeza: "Na umwambie Heriel, anayekula ukoko siku ya harusi yake mvua hunyesha. Ingawa kwa umri alionao, hata hiyo mvua imechoka kumsubiri."

Amenikataza kukuandikia hili linalofuata, kwa hiyo naliandika usiku huu akiwa amelala. Miguu yake imevimba. Daktari anasema ni moyo. Stendi haendi tena, kibanda amemwachia mwenzake, na hilo peke yake lingetosha kukuambia hali ilivyo, kwa sababu unamjua. Akitoka chumbani mpaka jikoni anapumzika njiani mara mbili.

Heriel, mficha maradhi kilio kitamuumbua. Mimi sitaki kuumbuliwa. Nadhani uje. Sisemi kesho, lakini Krismasi usiisubiri.

Dada yako,
Dainess

*

Guangzhou, 28 Julai 2024

Dada,

Shikamoo, na shemeji mpe pole ya vumbi. Huku mvua za tufani zimepita pembeni, maji yalijaa uchochoroni hadi kwenye vifundo vya miguu. Laobanniang alipandisha majiko yake juu ya matofali akaendelea kupika, wateja wakala wamekunja suruali. Nami nilikuwemo.

Mpe Mama jibu lake. Nimemuuliza kwa maneno yangu machache na mikono yangu yote miwili. Alicheka, akanivuta nyuma ya meza anionyeshe. Maji yakishakauka, unachukua kijiko cha mafuta, unayazungushia ukingoni mwa chungu, si katikati. Halafu chungu hukiachi kimesimama. Unakilaza moto ushike ubavu huu, ukisikia kinalia chrr unakigeuza ubavu mwingine, kama unavyomgeuza mtoto mwenye homa. Katikati unapaacha pajiivie penyewe. Ukimaliza, ukoko unatoka mzima kama kifuniko. Mama ajaribu kwa sufuria ndogo. Asijaribu kwa ile kubwa ya stendi, itamtoa mgongo.

Kuhusu kuja, nimekusikia. Lakini sasa hivi ndio wateja wanafuata mzigo wa mwisho wa mwaka, nikiondoka nafasi yangu inachukuliwa na mwingine. Nitakuja Desemba. Mwambie Desemba, nitapika mimi.

Melania mzigo wake umekwama, kwa hiyo barua hii inaweza kuchelewa kidogo. Haina haraka.

Heriel

*

Same, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi tunaendelea. Watoto wamerudi shule wiki iliyopita, wamevaa sare ambazo nilisahau kuzipiga pasi, na mwalimu akawapokea hivyo hivyo.

Nimekupigia simu mpaka aliyekuwa karibu yangu akaninyang'anya. Mwisho nikakutumia ujumbe: Mama amepumzika. Ukajibu: Sawa dada, apumzike, amechoka. Nikawaonyesha wazee. Baba mdogo Abeli akasema, "Kijana amelipokea kiume." Tukaendelea na shughuli, kwa sababu watu walikuwa wengi na walihitaji kula.

Tumemlaza nyuma ya nyumba, pembeni ya Baba. Mchungaji alisema vizuri, si kwa kirefu. Madereva wa mabasi waliokuwa wakila kwake walikuja na sare zao za kazi. Na sikia hili: tukiwa pale kaburini mvua ilinyesha. Agosti, Heriel, hapa Same! Watu wakasema ni baraka. Mimi nilikukumbuka wewe na ukoko wako, nikatamani kucheka, nikashindwa hata kulia.

Barua yako ya mafuta ya ukingoni ilifika wiki iliyofuata. Niliisoma kwa sauti jikoni, kwa sauti ile ile ya kumfikia Mama, mpaka jirani akaja kuuliza nagombana na nani.

Sasa jambo lenyewe. Kwa desturi ya kwetu unaijua: kaburi la mama halijengewi mpaka mtoto wake wa kiume ametia udongo wa mkono wake. Na wa kiume ni wewe peke yako. Baba mdogo ameshanunua saruji, lakini anakungoja. Anataka tumalize kabla ya mvua za vuli, maana udongo umeanza kutitia. Niambie unakuja lini.

Dainess

*

Guangzhou, 22 Septemba 2024

Dada Dainess,

Shikamoo. Huku tumesherehekea sikukuu yao ya mwezi, kila duka limenipa keki ya duara yenye kiini cha yai la bata ndani. Nimezila zote. Zina utamu wa kutosha, nadhani. Siku hizi sitofautishi sana, ulimi wangu umekuwa kama wa mtu aliyeungua na chai.

Nimefurahi kusikia nyumba ina wageni. Mama anapenda wageni. Wasimpigie kelele tu anapopumzika, na asiruhusiwe kuinuka kuwapikia, maana atataka. Uji anywe ule mwepesi. Laobanniang ananiambia uji wa mchele ukipikwa muda mrefu mpaka punje zipotee unampa mtu nguvu bila kumchosha tumbo. Mpikie huo.

Ananiuliza kila siku, "Ni mama hao ma?" Namjibu, "Hao." Ananipa chungu changu, nakula, nakwangua, naondoka. Mchana huwa niko Shisanhang. Jana mteja mmoja wa Kenya alinunua magauni meusi matupu, nikamuuliza kama ana msiba, akacheka akasema hapana, ndiyo mtindo wa mwaka huu.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Nitaona mambo ya Desemba.

Heriel

*

Same, 13 Oktoba 2024

Heriel,

Salamu zako nimezipata. Wote wazima waliobaki.

Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikakaa kwenye kizingiti nikaisoma tena. Ulinisema kwa kuruka mistari, mdogo wangu. Wewe umeruka barua nzima.

Kosa labda ni langu. Nilikuandikia neno la kanisani, ukalichukua ukaliweka kitandani ukalifunika shuka. Basi sikiliza, nitaandika lile lisilovaa nguo nzuri. Sikusema amelala mchana. Sisemi ametangulia, sisemi ametutoka. Mama amekufa. Mama yetu amekufa, Heriel, na mimi ndiye niliyemfumba macho. Uji wa kumpikia haupo.

Nimekasirika nawe kuliko nilivyowahi kukasirika, na wakati huohuo nakuonea huruma, na vyote viwili vimenichosha. Simu hupokei. Melania ameniambia amekuona, umekonda, lakini unafanya kazi vizuri na unachekesha wateja. Hilo la kuchekesha ndilo lililonitisha.

Tumefanya arobaini. Nilipika wali mimi kwenye ile sufuria kubwa ya stendi. Nilizungushia mafuta ukingoni kama ulivyoandika, nikaomba vijana waniinamishie sufuria ubavu huu na huu. Ukoko umetoka mzima, Heriel. Wa pembeni, wa rangi ya asali, haukuungua popote. Mama aliutafuta huo tangu sijazaliwa. Nikasimama nao mikononi sijui nimpe nani. Baba mdogo akasema, "Mwekee Heriel, ndiye mwenyewe." Nikakuwekea kabatini, kwenye sahani, nimefunika na nyingine. Ulipoota ukungu niliwapa kuku.

Njoo utie udongo. Sikuombi machozi, wala mimi sina ya kukukopesha. Nakuomba mkono tu.

Dainess

*

Same, 17 Novemba 2024

Heriel,

Hatujambo. Hujajibu, naandika hivyo hivyo.

Vuli imeanza kwa fujo. Udongo wa kaburi umetitia upande wa kichwani, maji yakasimama juu yake. Asubuhi moja nilimkuta Baba mdogo Abeli anayachota kwa kikombe cha chai, yeye na umri ule, akilaumu mawingu kwa Kipare. Akasema, "Siwezi kumwacha shemeji yangu kwenye bwawa."

Kwa hiyo juzi wamemwaga zege. Nilitaka ulijue kutoka kwangu. Usimkasirikie, amekusubiri kuliko alivyopaswa.

Ila ameacha mahali. Upande wa miguuni kuna tundu halijamwagiwa kitu, la kuingiza mkono wa mtu mzima, limefunikwa na kipande cha bati na jiwe juu. Fundi alimwambia kazi ya namna hiyo ni mbovu, maji yatapita. Akamjibu, "Mwenye mahali hapo hajafika." Amempa fundi likizo mpaka mwaka mpya. Ukipita mwaka mpya atapaziba, kwa sababu maji kweli yanapita.

Hivyo ndivyo ilivyo.

Dainess

*

Guangzhou, 8 Desemba 2024

Dada yangu Dainess,

Shikamoo. Huku baridi imeingia, uchochoroni wanauza viazi vitamu vya kuchoma ndani ya mapipa, na mtu akinunua anaviweka kwanza kwenye mifuko ya koti apate joto, kula ni baadaye. Nimefanya hivyo pia. Barua zako zote mbili ninazo. Ya Novemba imekaa kwenye koti hilohilo na sasa ina harufu ya kiazi. Mpe shemeji salamu, na watoto, na yule mbuzi.

Hukukosea neno. Nililielewa siku ileile, nikiwa ndani ya gari tunarudi kutoka Shiling, na mteja pembeni anaimba. Nilikujibu, nikaweka simu mfukoni, nikamsaidia kushusha mikoba. Nilisubiri uchungu uje kama watu wanavyosema unakuja. Haukuja. Nikaona kama sijaumia basi labda halijatokea, na kama halijatokea basi nisiliharakishe kwa kuja kukuta kiti chake kitupu pale mlangoni. Ndivyo nilivyofikiri. Ni fikra za kipumbavu lakini zilinivusha miezi.

Sasa nikuambie ya juzi. Kutwa nzima nilikuwa Shisanhang na mama mmoja wa Mwanza anayetafuta blauzi aliyoiona siku iliyotangulia. Kila duka tuliloingia walitujibu, "Meiyou le." Nimewahi kukuandikia meiyou ni hakuna. Hiyo "le" ya mwisho wanaiweka kitu kikiwa kilikuwepo na sasa hakipo tena. Nilimgeuzia mpaka mdomo ukawa unasema wenyewe: ilikuwepo, mama, haipo tena. Ilikuwepo, haipo tena.

Tukaachana, nikaenda uchochoroni, nikakaa. Laobanniang akachukua kiberiti, akauliza kama siku zote, "Ni mama hao ma?"

Nikasema, "Meiyou le."

Sikupanga. Ni mdomo wa kazini uliojibu. Alinitazama kwanza akidhani nimechanganya, kwa sababu lile ni neno la blauzi na viatu, mtu hasemwi hivyo. Akaniuliza, "Mama?" Nikarudia. Akaweka kiberiti chini. Akaniambia taratibu, kama mwalimu, kwamba kwa mtu wana neno jingine, nami nikalitamka nyuma yake na yeye akaitikia kwa kichwa. Foleni ilikuwa ndefu. Mtu akapaza sauti, yeye akamjibu kitu kifupi, foleni ikanyamaza. Kisha akawasha moto akapika chungu kimoja tu, akakilaza ubavu huu na ubavu huu, akakaa nami mezani. Aliukwangua ukoko kwa kijiko chake akaniwekea wote kwenye bakuli.

Sikulia, dada. Sitakudanganya tena. Nilikaa kama gunia. Lakini niliweka kile kipande mdomoni na kilikuwa na chumvi, na kilikuwa kimeungua kidogo pembeni, na nilijua kwamba kimeungua. Tangu Agosti sikuwa nimejua kitu kama hicho.

Naandika sasa kwa lugha yetu nione kama mkono utakubali. Mama amekufa. Umekubali. Mwandiko umepinda lakini unasomeka.

Melania alipita hapa leo kuchukua bahasha kama kawaida yake. Nilimwambia meiyou, safari hii sina cha kumpa. Akaniangalia, akaona begi juu ya kitanda, akaondoka bila kuuliza. Barua hii utaipokea mkononi mwangu, na ukiisoma mbele yangu usiruke mstari.

Mawili haya nayatanguliza kwa simu usiku huu: mwambie Baba mdogo asizibe. Na ukipika wali, kuku wasipewe kitu mpaka nifike.

Mdogo wako,
Heriel